Baba Mkwe Hapigwi

Mama yangu aliponiona napakia hema kwenye gari, alisimama mlangoni akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mimi nimelala chini ya turubai miaka kumi na miwili," alisema, "na hata siku moja sikuiita mapumziko." Nikamwambia hema hili lina dirisha. Akaniuliza dirisha la kutazama nini. Mimi mwenyewe nilizaliwa chini ya turubai hilohilo, kambini Tanzania, mtoto wa Warundi waliokimbia vita, na tangu tuhamie Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, Ohio, nilikuwa nimejiambia kwamba mambo ya kulala chini nimeyamaliza.

Kisha akaiona bunduki.

Ilikuwa ya plastiki, ya kutumia betri, inarusha vidonge vyeupe vidogo kuliko punje ya mahindi. Nikamwonyesha kidonge kimoja kiganjani. Mama akaketi kwenye ngazi. "Bunduki tuliikimbia kwa miguu," akasema, "wewe unaifuata kwa gari."

Wa kulaumiwa ni kapteni wa timu yetu. Huyu ni Mkongo wa milima ya Kivu ya Kusini, anafanya kazi kiwandani huko Jeffersontown, pembeni ya Louisville, Kentucky, na Mungu amempa kipaji cha kuingiza watu kwenye mambo. Yeye ndiye aliyetuingiza kwenye kwaya, na ndiye aliyetutoa kwenye kwaya alipogombana na mwalimu wa sauti. Mfanyakazi mwenzake Mmarekani alimfundisha mchezo huu wanaouita airsoft, na tangu siku hiyo hakutuacha tupumue. Mamia ya watu wazima, wenye kazi na watoto nyumbani, hukusanyika kwenye shamba kubwa, hugawanywa pande mbili kwa kitambaa cha rangi mkononi, na kupigana siku mbili nzima. Hakuna refa anayekufuata nyuma. Ukipigwa, hata kama hakuna aliyeona, unajitangaza mwenyewe: unanyoosha mkono, unaweka kitambaa chekundu kichwani, unakwenda mahali pa wafu, unakaa dakika kumi, halafu unarudi kuishi. Mchezo wote umesimama juu ya mtu kusema kweli kuhusu nafsi yake, jambo ambalo kwaya yetu haijawahi kuliweza.

Tulikuwa watano. Kapteni alipanda kutoka Louisville na vijana wawili wa kiwandani kwake. Sisi wa upande wa Columbus tulikuwa wawili, mimi na mpishi wa timu, rafiki yangu wa Gahanna, anayepanga mizigo nami ghalani kwa mikono inayostahili kusonga ugali tu. Tulifika shambani Ijumaa mchana, mwisho wa mwezi wa tisa, vilima vya Ohio vikiwa vimeanza kugeuka rangi. Majirani zetu walikuwa na vitu vidogovidogo vinavyokunjika. Chakula chao kilikuwa unga ndani ya pakiti, unamwagia maji ya moto. Sisi tulishusha jiko la mkaa, sufuria la harusi, mfuko wa unga wa mahindi, sombe, yaani kisamvu, iliyoganda kama tofali, godoro zima, sanduku la magurudumu ambalo mpishi alilikokota kwenye majani marefu kama yuko uwanja wa ndege, na viti sita vya plastiki vya kanisa ambavyo mchungaji anavitafuta mpaka leo.

Hema lilitushinda. Watu watatu kati yetu watano tumezaliwa hemani, na lilitushinda. Kapteni alisema hema la kweli halina maelekezo, akayatupa maelekezo. Baada ya saa nzima tukawa na kitu kilichosimama, ila mlango ulikuwa unatazama mbinguni. Jirani yetu, jitu moja la Kimarekani lenye ndevu hadi kifuani, alikuja, akalipindua kwa mkono mmoja, akakubali sahani ya sombe, akawa ndugu yetu.

Ndipo simu yangu ikalia. Alikuwa mchumba wangu, kutoka Buffalo, New York.

Hapa lazima nieleze, maana wikendi yote iliharibikia hapa. Mchumba wangu ni binti wa milimani, kabila moja na kapteni. Anatunza wazee katika nyumba ya wazee, na kila akitoka zamu hunipigia kuniambia nani amekula na nani amegoma kula, kwa masikitiko kana kwamba wote ni bibi zake. Nilimpenda kwa hizo simu. Mwezi wa nne wazee wangu walikwenda Buffalo kuposa, na kreti za soda na maneno yaliyopangwa vizuri. Baba yake aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tumewasikia." Basi. Mwezi wa tano, kimya. Wa sita, kimya. Ilikuwa sasa mwezi wa tisa, na mimi nilikuwa mtu ambaye amesikiwa.

"Baba anakuja huko," mchumba wangu akasema.

"Huko wapi?"

"Huko ulipo. Mzungu wa kazini kwake amemwalika. Yuko njiani, amevaa gumboots. Please, usinicheke." Akashusha sauti. "Amepewa kitambaa cha bluu."

Sisi tulikuwa njano.

Nilikaa juu ya godoro. Kwetu, kijana anayeposa haketi kabla baba mkwe hajaketi, hapazi sauti mbele yake, wala hali chakula anakotazama mzee. Lakini kuhusu kumpiga baba mkwe kwa vidonge vya plastiki, mila ilikuwa haijasema kitu. Tukafanya kikao. Mpishi alisema mchezo ni mchezo. Kapteni akamkata kauli kwa mkono.

"Bon, musikilize muzuri," kapteni akasema. "Ule muzee, hakuna mutu anamupiga. Hata akikuya karibu, hata akilala usingizi mbele yako. Donc, tunamuacha."

"Na yeye akitupiga sisi?"

"Tunakufa. Tunakufa na heshima."

Tukaapa. Kapteni akazunguka kambi nzima akiwatafuta watu wote wa njano wanaojua Kiswahili, akawaapisha nao. Jitu lenye ndevu lilipouliza kuna nini, nilimweleza kwa Kiingereza changu cha ghalani. Nilidhani atacheka. Kumbe naye alikuwa na mama mkwe. Alinishika bega, macho yakamlegea, akaenda kuwaambia Wamarekani wa njano mmoja mmoja, na kila mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni.

Mzee alifika jioni jua likiwa bado lipo. Gumboots, jaketi la madoadoa ambalo mikono yake ilizidi vidole, na kichwani kofia yake ya ibada. Kitambaa chake chekundu kilikuwa kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne mfukoni kama leso ya bwana harusi. "Jambo yenu, batoto," akasema. Tulisimama wote watano, tukatoa salamu za nyumbani, za kanisani, za Buffalo, za ng'ombe waliobaki milimani. Akaketi kwenye kiti cha kanisa, akala ugali na sombe na dagaa, akasifu mkono wa mpishi. Mimi nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Baadaye nilikula soseji tatu nyuma ya vyoo vya plastiki, pamoja na lile jitu, nikitazama huku na huku kama mwizi.

Jumamosi vita vikaanza. Bluu walimweka mzee kulinda daraja la magogo juu ya kijito, na kazi yetu sisi ilikuwa kulivuka hilo daraja. Msiniulize nani alipanga hivyo. Tulifika tukamkuta amesimama wima katikati ya daraja, mchana kweupe, kofia kichwani, hajajificha hata na jani. Mtoto wa miaka minne angempata. Sisi tukalala kwenye matope nyuma ya mti ulioanguka, bunduki tano, tukamtazama.

"Tufanye nini?" mpishi akanong'ona.

"Tumuzunguke," kapteni akasema.

Tukamzunguka kupitia kwenye miiba. Mzee akatuona, akainua bunduki, akatuua wote watano mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu wa mtu anayemwagilia bustani.

Hivyo ndivyo Jumamosi ilivyokwenda. Wamarekani wa njano walikuja mbio wakipiga kelele, wakimwona mzee wanapunguza mwendo, wanapinda kushoto, na wengine walimpungia mkono. Yeye aliwaua hao pia. Mimi peke yangu nilikufa mara sita. Kila nikifa nilipita karibu na daraja na kitambaa changu chekundu kichwani, na mara ya tatu akanisimamisha.

"Unaenda wapi?"

"Kwa wafu, baba."

"Kule kuko nini?"

"Kuna benchi, baba. Na machungwa."

"Na batu?"

"Wengi."

Alitega sikio. Mahali pa wafu palikuwa ng'ambo ya kichaka tu, chini ya turubai, na wafu wa pande zote mbili hukaa hapo pamoja. Vicheko vilisikika mpaka darajani. Kapteni alikuwa akiigiza jinsi mpishi alivyokufa akiwa amechuchumaa. "Banacheka juu ya nini?" mzee akauliza. Nikasema ni upuuzi tu, baba. Akatikisa kichwa, akageuka kutazama njia isiyokuwa na mtu anayekuja. Nilifikiri ananihurumia kwa kufa ovyo. Nikaenda zangu kula machungwa.

Jioni alikuja kambini kwetu, lakini hakuuliza habari za mtu. Mpishi alimletea sahani kwa mikono miwili. Mzee akaitazama, akasema, "Nimeshiba."

Kapteni aliacha kutafuna. Mtu mzima wa kwetu akikataa chakula chako, hajakataa chakula. Mzee akasema anaweza kuondoka kesho mapema, maana mchezo huu ameshauona, ni kusimama tu. Akaaga. Nikamtazama akipita katikati ya mahema, ile mikono mirefu ya jaketi ikining'inia, na nilitaka kulia. Miezi mitano nilikuwa nikijilinda nisikosee neno, nisikosee salamu, na sasa nilikuwa nimempoteza mchumba kwenye mambo ya plastiki, wala sikujua kosa langu ni lipi.

Jumapili asubuhi, chai haijachemka, mchumba wangu akapiga simu. Hakusalimia.

"Mmemfanya nini baba yangu?"

"Hatujamfanya chochote!"

"Ndiyo hiyo! Hamjamfanya chochote! Amenipigia jana. Anasema kila mtu huko anakufa, wanakwenda mahali, wanacheka, wanarudi. Yeye amesimama kwenye daraja muda wa saa saba kama mti wa stima. Anasema amekuwa mzee sana, hata risasi ya mchezo hakuna anayemwona anafaa kupigwa nayo."

"Ilikuwa heshima."

"Heshima gani? Mpige."

"Nimpige baba yako?"

"Mpige vizuri," akasema, akakata.

Nilikwenda kwa kapteni. Alikataa kabisa, akasema hawezi kulala na jambo hilo moyoni. Nikamwambia asilale, ila mimi nakwenda. Kwa bahati Mzungu aliyemleta mzee alikuwa bado hajataka kuondoka, na mzee alikuwa amerudi darajani, safari hii ameketi kwenye gogo, bunduki magotini, kama mtu anayengojea zamu hospitali.

Nilitambaa kwenye majani mpaka nikabaki hatua kama ishirini. Nikalenga. Siwezi kumpiga mtu mzima bila kumsalimia, sikulelewa hivyo, mama yangu angelisikia kutoka Reynoldsburg. Kwa hiyo nikasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, akanipiga kifuani.

Nikaenda kwa wafu. Nikakaa dakika kumi bila kugusa chungwa. Nilirudi nikatambaa upya, kupitia kwenye kijito chenyewe, maji mpaka kiunoni, na maji ya Ohio mwezi wa tisa hayana utani. Nikatokea chini ya daraja, upande wake wa kushoto. Safari hii sikusema kitu. Nilifumba jicho moja, halafu, nakiri, nikafumba na la pili, nikafyatua.

Kidonge kimoja kiligonga kifungo cha jaketi. Tik.

Hakuna aliyeona. Kapteni na wengine walikuwa mbali nyuma ya mti, bluu wengine walikuwa upande wa pili wa kilima. Mzee aliinamisha kichwa akatazama kile kifungo. Angeweza kunyamaza. Nilisimama kwenye maji nikingoja hukumu yangu.

Aliweka bunduki chini taratibu. Akatoa kitambaa chekundu mfukoni, akakikunjua kunjo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akavua kofia, akakitandaza kichwani, akavaa kofia juu yake. Kisha akainua mikono yote miwili na kupaza sauti ambayo sijaisikia hata kanisani.

"Nimekufaaa!"

Upande wa njano wote uliinuka kutoka vichakani na kupiga makofi. Lile jitu lenye ndevu lilikuwa linafuta macho. Kapteni alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na naweza kuapa kwamba alikuwa anasali.

Sikuwa nimekufa, sikuwa na ruhusa ya kwenda kule, lakini nilimfuata, maana mtu hawezi kumuua mzee akamwacha atembee peke yake. Wafu walimsogezea nafasi katikati ya benchi. Lile jitu, ambalo nalo lilikuwa limetufuata, lilimpa chungwa. Mmarekani mmoja wa bluu, kitambaa kichwani, akamwuliza kwa ishara nani kamwua, na mzee akanionyesha kidole kwa majivuno kana kwamba ndiye aliyenifundisha. Wakacheka wote, naye akacheka, juisi ikimtiririka kidevuni.

Alipomaliza chungwa alipangusa vidole kimoja kimoja. Kapteni alikuwa amekuja kutuangalia, naye akachutama pembeni.

"Kaka yangu mukubwa balimupiga risasi kule kwetu," mzee akasema, bila kumwangalia mtu. "Tulikuwa tunahamisha ngombe. Banasema akimbie, yeye akarudi nyuma juu ya ndama moya. Miye nikakaa mu njia, nikamungoya. Siku tatu niko namungoya. Banasema twende, ninasema hapana, atakuya." Akatazama saa ya jitu lenye ndevu. "Hapa banakuambia dakika kumi."

Kapteni, ambaye hajawahi kukosa neno maishani mwake, alikuwa anachimba udongo kwa kijiti. Mimi nilikuwa na miguu iliyolowa na sikujua niiweke wapi. Nilitaka kusema pole, baba, lakini nikabaki nimesimama hapo nikimpenda kuliko nilivyopanga.

"Sasa zimeisha?" mzee akauliza.

"Zimeisha, baba."

Akavua kitambaa, akakikunja mara nne, akainuka kwa kushika goti. Halafu akakimbia. Mtu wa miaka sitini na kitu, gumboots, akishuka mteremko kuelekea darajani, kofia mkononi, akipiga kelele kwa Kiswahili kwamba amefufuka na njano wote watamtambua leo. Kapteni alisimama, akapumua, akainua bunduki yake akampiga mgongoni. Mzee akageuka akiwa na uso uliojaa furaha. "Weye pia?" akasema, akarudi kwa wafu mbio zilezile.

Kutoka hapo kila mtu alitaka kumpiga. Mpishi alimpiga. Vijana wa Louisville walimpiga kwa pamoja wakagombania ni nani aliyempata. Alipokufa mara ya nne alinikuta benchini nikikausha soksi, akaketi karibu yangu, na ndipo alipokumbuka kwamba nilikuwa nangoja jibu.

"Bazee benu baje mwezi wa kumi na mbili," akasema huku akichagua chungwa. "Lakini weye ukuye mbele yao. Kule Buffalo kunakuwa teluji mingi, na miye mugongo inaniuma. Koleo ya kuiondoa iko."

Nikasema ndiyo, baba. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa shule. Alinipiga begani mara mbili, akatazama saa, akaona dakika zake zimetimia, akaondoka bila kuaga. Kufikia saa sita mchana alikuwa amekufa mara tisa, na kila mara alirudi.